Shikamoo ya Kalkuleta

Vijana wangu wa chumba cha ramani,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, keki na hotuba tatu. Saa inachelewa, keki iliisha kabla haijanifikia, na hotuba zote tatu zilihesabu vyeo vyangu kana kwamba nilikuwa napanda ngazi muda wote huo na wala sikushika kazi. Nimekaa hapa Area D, Dodoma, kibarazani kwangu, nikaona nisipoandika mwenyewe mtabaki mnajua kwamba nilikuwa Mpima Daraja la Kwanza, basi. Kwa hiyo shikeni hii, na msome mkiwa mmeweka simu chini.

Nilitokea Kibakwe, nimevaa viatu vya kaka yangu ambavyo vilikuwa vinatangulia kufika. Siku ya kwanza ofisini nilikabidhiwa kwa Mzee Madeje, Mgogo mrefu, mkavu, aliyekuwa mkuu wa chumba cha mahesabu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akanisukumia kitabu kinene cha majedwali, kile chenye sini na kosini za kila pembe hadi tarakimu saba. Akasema, "Hiki ndicho kichwa chako. Hicho ulichokuja nacho kitabeba kofia."

Hakuwa anatania. Kwa miaka kadhaa tulipima viwanja vya mji huu kwa theodolaiti ya kusoma pembe, mnyororo wa kupimia urefu na kitabu hicho. Watu wawili walikaa vyumba viwili, kila mmoja akakokotoa peke yake, halafu Mzee Madeje akalinganisha. Mkitofautiana, mnarudia wote wawili. Mkifanana, anauliza nani kamwibia mwenzake. Kitalu kimoja cha viwanja kilikula siku tatu, na nyinyi leo mnakasirika kompyuta ikizunguka dakika moja.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kila rangi, redio, saa za mkononi na mitumba ya kutoka nchi tusizozijua. Bosi wetu akarudi kutoka safari ya Dar es Salaam na kalkuleta ya kisayansi ndani ya mfuko wa shati, akaiweka mezani taratibu. Ofisi nzima tulikuja kuitazama. Ilitoa sini ya pembe yoyote kabla hujamaliza kukohoa.

Kabla hatujaigusa ilibidi ipite stoo. Mtunza stoo wetu, Bi Tabitha, alikuwa na sheria moja: kitu cha serikali hakitoki mlangoni bila namba. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi nyembamba, na alishaandika namba kwenye viti, ndoo, theodolaiti na hata kwenye fagio. Tukamwambia kalkuleta aiandike mgongoni. Akakataa. Mgongoni kuna mfuniko wa betri, akasema, na mfuniko unaweza kuibiwa peke yake, ukaondoka na namba. Akaandika mbele, kwenye ukingo wa juu wa kioo, kwa mwandiko mzuri sana, na tarakimu ya mwisho ikamponyoka ikachuruzika kwenye pembe ya kioo. Akapuliza ikauke. Alikuwa mwanamke makini, na hakuna hata fagio moja lililopotea enzi zake.

Sasa pembe ile ya kioo ndiyo iliyokuwa na kaherufi kadogo kanakokuambia mashine inapima pembe kwa kipimo gani. Ninyi mnajua, lakini nitasema tena, kwa sababu kuna mmoja wenu simtaji. Mashine zile zina vipimo vya pembe zaidi ya kimoja. Kuna nyuzi, ambazo sisi wapima tunaamka nazo na kulala nazo: duara zima ni nyuzi mia tatu na sitini. Na kuna radiani, kipenzi cha mainjinia na walimu wa hesabu, ambapo duara hilo hilo zima ni sita na ushei tu. Kitufe kimoja kinakuhamisha kutoka huku kwenda kule. Ukiiuliza sini ya thelathini ikiwa kwenye nyuzi, inakujibu nusu. Ukiiuliza ikiwa kwenye radiani, inakujibu kitu kingine kabisa, tena bila haya, kwa tarakimu nane.

Mzee Madeje alipoona herufi imefunikwa na rangi, hakugombana na Bi Tabitha. Hakuna aliyewahi kugombana na Bi Tabitha akabaki na kiti cha kukalia. Alitutungia desturi. Alisema, "Mgeni hapewi kazi kabla ya salamu. Kila ukiishika, iamkie. Shikamoo yake ni sini ya thelathini, na marahaba yake ni nusu. Isipoitikia nusu, ujue hayupo nyumbani, usimtume popote." Tukacheka, lakini tukashika. Ukipita chumba cha mahesabu asubuhi ungesikia mtu anasema "shikamoo", kimya kidogo, halafu "marahaba, ipo". Wageni walidhani tuna mzee mgonjwa ndani.

Sasa nifike ninapotaka kufika, maana najua mmoja wenu ameshaanza kupekua mbele.

Mwaka mmoja wa miaka hiyo nilitumwa milima ya Kondoa kupima eneo la shule ya kijiji kimoja. Katika kijiji hicho walikuwa wanajiandaa kujenga msikiti mpya, wa mawe, mkubwa, badala ya ule wa zamani wa udongo. Walikuwa na kila kitu isipokuwa maelewano. Upande mmoja alikuwepo Haji Sefu, mwenye duka, ambaye ndiye pekee kijijini aliyewahi kufika Makka, na aliyetoa saruji yote. Yeye alisema kibla ni kaskazini moja kwa moja. "Nimekwenda mwenyewe," alisema, "na ndege haikukata kona." Upande wa pili alikuwepo Mwalimu Idi wa madrasa, mtu mpole, mwembamba, aliyesema wazee wao walielekea kulia kidogo, na msikiti wa zamani umeelekea hivyo hivyo. Ugomvi ulikuwa umefika mahali pabaya. Kuna ndugu walikuwa hawazikani. Waliposikia yupo mpima wa serikali, tena na mashine, wakaniomba niamue, na pande zote mbili wakaapa mbele ya watu kwamba nitakalosema ndilo.

Mimi ni Mwanglikana wa Kibakwe. Lakini pembe haina dini, na nilikuwa kijana, na nani asiyependa kuitwa mtaalamu. Longitudo na latitudo za Makka nilizitoa kwenye atlasi ya shule, za kijiji kwenye ramani yangu, kanuni nilikuwa nayo kwenye daftari. Kaskazini nilikuwa nimeshaipata kwa jua na theodolaiti. Nikakaa kwenye kaunta ya duka la Haji Sefu, watu wamejaa mpaka nje, watoto wamepanda kwenye magunia. Nikatoa kalkuleta kwenye kasha.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimeichukua kutoka kwa injinia mmoja wa ofisi ya jirani, aliyeiazima kwa kona za barabara yake. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba lazima niiamkie. Kidole kilifika hadi kwenye tatu. Halafu nikaona macho yale yote yananitazama, nikafikiri: nikianza kuiuliza jambo ambalo kila mpima analijua, wataona mtaalamu mwenyewe hana hakika. Nikaona aibu. Nikaacha shikamoo, nikaanza hesabu.

Nilipomaliza ikatoa moja na kidogo, hasi. Yaani uzi mmoja magharibi mwa kaskazini. Laiti ingetoa mia mbili na themanini ningeshtuka. Kosa kubwa hujitangaza lenyewe. Hili lilikuja na adabu zake, likakaa karibu kabisa na kaskazini, likafanana na jibu. Nikatangaza, "Kaskazini, na uzi mmoja tu kushoto."

Haji Sefu hakushangilia. Alivua kofia, akaifuta vumbi, akaivaa tena, akasema, "Mimi nilisema kaskazini. Huo uzi mmoja nimewasamehe." Mwalimu Idi akasema, "Tuliapa. Mashine imesema." Nikapigilia vigingi, fundi akavuta kamba. Mchana Haji Sefu akachinja jogoo, tukala pilau, na aliyeninawisha mikono alikuwa Mwalimu Idi. Alinishikia birika hadi maji yakaisha. Nilikula mapaja yote mawili. Msingi ulipangwa kuanza Ijumaa ya wiki inayofuata, baada ya sala.

Nikarudi Dodoma nikiwa nimenenepa kichwa. Jumatano ile ya wiki ya msingi nikakaa kukokotoa kitalu kimoja cha hapa hapa Area D. Kawaida unazunguka kona zote, na ya mwisho inakurudisha pale ulipoanzia. Yangu haikurudi. Kona ya mwisho iliangukia ng'ambo ya reli. Nikarudia, ikaangukia ng'ambo ya reli tena, jirani kidogo na ile ya kwanza. Mzee Madeje akaja akasimama nyuma yangu, akaitazama karatasi muda mrefu.

"Uliiamkia?"

Nikabonyeza thelathini, nikabonyeza sini. Ikatoa karibu hasi moja. Kitalu nikakisahau, nikahesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa.

"Tangu lini hujaiamkia?" akauliza.

Nikamweleza yote: duka, macho ya watu, birika. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivuta kiti, akafungua kitabu cha majedwali, akanipa karatasi nusu, yeye akachukua nusu. Kila mtu akakokotoa kwa mkono, kama zamani. Tulipomaliza tukalinganisha: nyuzi nane na nusu kasoro, mashariki mwa kaskazini. Kulia kidogo. Mwalimu Idi na wazee wake walikuwa sawa muda wote, bila atlasi. Kwa ukuta wa mita kumi na mbili, vigingi vyangu vilikuwa vimeipotosha kona karibu mita mbili.

"Niandike barua?" nikauliza.

"Namba inafutwa kwa raba," akasema Mzee Madeje. "Msingi unafutwa kwa sururu. Kesho uwe njiani." Kisha akanitazama miguuni mpaka kichwani. "Na utakwenda mikono mitupu, wewe uliyekula jogoo wa watu?"

Ndiyo maana Alhamisi nilisafiri juu ya lori la chumvi, barabara ya vumbi, nimekumbatia jogoo. Nilikuwa nimemchagua mkubwa kwa sababu ya aibu yangu, na nikajuta tulipofika kwenye mashimo. Alinidonoa kila gurudumu lilipozama. Mikononi nilikuwa na jogoo, mfukoni kalkuleta, na kichwani nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yalianza na "kwa bahati mbaya". Haikuwa bahati. Nilikuwa nimeogopa kuchekwa na watoto waliokaa kwenye magunia.

Nilifika alasiri, mweupe kwa vumbi. Haji Sefu akaniona kutoka dukani.

"Mpima! Umerudi kwa ajili ya msingi wetu? Na jogoo umetuletea? Huyu ndiye mtu mwenye shukrani." Akampokea jogoo kabla sijafungua mdomo. "Mwalimu, njoo uone. Ofisi ya serikali imeleta jogoo."

Mwalimu Idi akaja, na fundi, na watu wakaanza kujaa kama mara ya kwanza. Nikamwamkia Haji Sefu, nikamwamkia Mwalimu, nikasema, "Wazee wangu, nilikosea. Kibla si pale nilipopigilia vigingi. Ni kulia, nyuzi nane na nusu. Mwalimu alikuwa sahihi."

Jogoo akawika.

"Hapana," akasema Haji Sefu. "Mara ya kwanza ulikuwa na akili zako timamu, umelala, umekula. Leo umekuja juu ya chumvi. Nitamwamini yupi?"

"Haji, ni mashine."

"Mashine haikosei. Wewe mwenyewe ulisema."

Nilikuwa nimesema, kweli. Nilianza kumweleza radiani. Nikachora duara kwenye karatasi ya kufungia sukari, nikachora nusu kipenyo, nikakizungusha pembeni mwa duara. Nilieleza kama nilivyofundishwa, na nilipoinua macho niliona fundi anamtazama jogoo. Haji Sefu alikuwa amekunja uso. Niliona wazi kitakachotokea: atashikilia kiapo chao, Mwalimu naye atakaa na kiapo chake, kesho watajenga kwa kosa langu, na ndugu wataendelea kutozikana huku wakisujudu kwenye jengo moja. Nikaiweka kalkuleta mbele yake kwenye kaunta.

"Haji, iamkie wewe mwenyewe," nikasema. Nikamwonyesha desturi yetu, thelathini, halafu sini. "Ikiwa ipo nyumbani inajibu nusu."

Akabonyeza kwa kidole kimoja. Nusu. Nikabonyeza kile kitufe cha vipimo, nikamwambia aulize tena. Akauliza. Karibu hasi moja. Akairudisha, nusu. Akaibadilisha, hasi moja. Alifanya hivyo mara nne au tano. Kisha akageuka akaitazama mizani yake iliyokuwa inaning'inia juu ya gunia la maharage.

"Mawe," akasema. "Ni mawe ya mizani."

"Vipi, Haji?"

"Nilikuwa kijana dukani kwa baba tulipotoka kwenye ratili tukaingia kwenye kilo. Mizani ni ile ile, maharage ni yale yale, mawe ndiyo yamebadilika. Kuna mtu aliuza kwa bei ya kilo huku anapimia mawe ya ratili. Mzigo ni halali, mizani iko sawa, na mteja anakwenda nyumbani na nusu ya haki yake." Akainua kalkuleta. "Hii ilikuwa inapimia ratili, na wewe unatusomea kilo."

Nimefundisha vijana wengi baada ya pale, wengine wenye shahada, na sijawahi kumpata aliyeielewa radiani upesi namna hiyo.

"Huyo mtu alikuwa nani?" fundi akauliza.

"Baba mkwe wangu," akasema Haji Sefu. "Mungu amrehemu. Ndiyo maana naijua."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, na nikajua tumevuka. Kesho yake baada ya sala, mbele ya vigingi vyangu, alisimama yeye, si mimi. Alisema, "Mimi nilibisha, na mashine ikanisaidia kubisha. Sasa nimeikagua mwenyewe, mawe yalikuwa ya ratili. Mwalimu amenishinda." Mtu mmoja akauliza sala za wiki ile nzima zitakuwaje, maana wengine walikuwa wameshageuza mikeka nyumbani wafuate mashine. Mwalimu Idi akamjibu bila kupandisha sauti kwamba aliyejitahidi sala yake haina neno. "Lakini mawe ya msingi hayajitahidi," akaongeza. "Hayo lazima tuyaelekeze sisi." Nikang'oa vigingi. Kabla ya kupigilia vingine niliiamkia kalkuleta kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, watoto wakacheka mpaka wakaanguka, na mimi sikufa.

Jogoo wangu tulimla siku hiyo. Alikuwa mgumu, na sikuona uchungu.

Kuanzia pale, kila nilipopita njia ile nilishuka kwa Haji Sefu. Hakuwahi kunipa chai kabla ya kuniuliza, "Umeiamkia leo?" Mzee Madeje alistaafu, akaniachia kitabu cha majedwali. Bi Tabitha alistaafu, na kopo la rangi akaondoka nalo. Kalkuleta ikafutwa kwenye daftari la mali za serikali, nikaichukua mimi. Zikaja mashine zenu za kupokea setilaiti, zinazokupa jibu kabla hujauliza swali, na hapo ndipo hofu yangu inapoanzia.

Mwaka jana, miezi michache kabla hamjanipa hiyo saa, nilipigiwa simu asubuhi na Ramadhani, mtoto wa Haji Sefu. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri. Nikampa pole. Akasema mazishi ni alasiri, na kuna wasia mdogo ambao hawauelewi vizuri. Barabara siku hizi ni ya lami. Nilifika kabla ya adhuhuri.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, limefuata msikiti, na msikiti uko sawa. Hakukuwa na cha kupima. Mwalimu Idi, mzee sana sasa, alikuwa amekalishwa kwenye kiti, macho hayaoni tena. Ramadhani akanisogeza kando. "Baba alisema tusimshushe mpaka aje Mpima wa Kibakwe na kalkuleta yake ya rangi nyekundu," akaniambia. "Akasema usipime kitu. Uiamkie tu, kwa sauti, asikie Mwalimu."

Nikaitoa mfukoni. Safari hii sikujali nani ananitazama. Nikasema shikamoo. Nikabonyeza tatu, sifuri, sini.

"Imeitikia nini?" akauliza Mwalimu Idi.

"Nusu, Mwalimu."

"Basi yupo nyumbani," akasema. "Mshusheni."